Sitara ya Mtu Aliye Kati ya Kazi Mbili

Mtu aliyekwisha kuitikia wito wa kampuni ya ushauri, akatia sahihi yake chini ya barua ya uajiri na kuirudisha, huku akiwa bado anaingia kila asubuhi katika ofisi ya mwajiri wake wa sasa na kumwamkia mkuu wake kama alivyomwamkia jana na juzi, yumo katika kipindi kigumu kuliko usaili wenyewe. Kwani sasa wapo watu asiowafahamu, pengine wa mji mwingine au hata wa nchi nyingine, waliopewa kazi ya kuuliza habari zake, na swali moja likiulizwa kabla ya wakati wake laweza kumpotezea kazi aliyo nayo ilhali ile anayoiendea haijathibitika. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake. Nitazungumza hasa juu ya Nairobi na Dar es Salaam, ambako kampuni kubwa za dunia kama Deloitte, PwC, KPMG na EY zina ofisi zao, na ambako wanaofanya kazi hii aghalabu wanajuana kwa majina, walisoma pamoja, na habari hutoka ofisi moja ikaingia nyingine kabla ya adhuhuri.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe, maana wako wanaodhani kwamba kulifanya jambo kwa faragha ni kulifanya kwa hila. Unalolisitiri ni habari ya kuondoka kwako, nawe unamsitiria mtu ambaye haijamhusu bado, mpaka wakati wa kumhusu utakapofika. Ama yule anayetaka kukuajiri, yeye humsitirii lolote katika yale aliyo na haki ya kuyajua, kwa sababu kesho atakuingiza katika vitabu vya wateja wake, akuonyeshe hesabu zao na mipango yao, na mteja akiuliza huyu ni nani, yeye ndiye atakayejibu. Anayechanganya mambo haya mawili, akamficha mwajiri mpya ukweli kwa kisingizio cha hadhari, hana sitara tena, ana udanganyifu. Na udanganyifu huo una tabia ya kufichuka baada ya miaka, wakati aliyeutenda amekwisha kupanda cheo na kujenga nyumba.

Wala usiuone uhakiki kuwa ni tuhuma. Mwezi wa Aprili 2017 serikali ya Tanzania iliwaondoa kazini watumishi wa umma 9,932 kwa ajili ya vyeti vya kughushi, na mwezi wa Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ilitangaza kwamba katika uchunguzi wake imewakuta watu 2,067 wenye vyeti visivyo halali. Mwajiri aliyesikia habari kama hizo, hata awe wa kampuni binafsi, hana budi kuuliza, na anayeulizwa kwa haki asikasirike.

Sasa ichukue barua uliyotia sahihi uisome upya, polepole, umetulia nyumbani. Karibu barua zote za namna hii huwa na kifungu kisemacho kwamba ajira inategemea kukamilika kwa uhakiki kwa namna itakayoiridhisha kampuni. Maana yake ni kwamba bado hujapata kazi. Umepata ahadi yenye sharti. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimewaona watu wenye akili na elimu wakiiandika barua ya kujiuzulu usiku uleule waliotia sahihi, kwa furaha, kisha wakakaa wiki baada ya wiki wamesimama mguu mmoja ndani ya mashua na mwingine ufukoni, wakingoja jibu la msajili wa chuo ambaye yuko likizoni. Usijiuzulu mpaka uwe na maandishi ya kwamba uhakiki umekwisha na kwamba sharti limeondolewa. Neno la mdomo la msaili mwenye bashasha, au ujumbe wa simu usemao usiwe na wasiwasi, hautoshi.

Kutokana na hilo inakubidi uihesabu siku ya kuanza kazi kwa namna nyingine. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, na kadhalika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, zinataka notisi ya siku zisizopungua 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na mikataba ya wenye vyeo aghalabu huzidisha muda huo hata kufika miezi mitatu. Kwa hiyo usikubali tarehe ya kalenda iliyoandikwa kwa kukisia. Omba iandikwe kwamba utaanza baada ya muda wako wa notisi kupita, na muda huo uhesabiwe tangu siku utakapopokea taarifa ya kukamilika kwa uhakiki. Ombi hili hutolewa kila siku na watu wazito, na kampuni yenye adabu hulikubali bila ya kuuliza mara mbili. Ikilikataa, ikakushurutisha kujiuzulu kwanza ndipo ikuhakiki, hiyo ni dalili mbaya ya namna itakavyokutendea ukiwa ndani, na mimi kwa rai yangu ningesita.

Baada ya siku chache italetwa fomu ya idhini, mara nyingi na kampuni ya tatu ambayo kazi yake ni kuhakiki tu. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwani anayekuhakiki hakujui, ana majina mengi mbele yake, na hufuata yaliyoandikwa; pakiandikwa jina la mkuu wako na nambari ya ofisi yake, ataipiga. Tafuta mahali panapoulizwa kama mwajiri wako wa sasa aweza kuulizwa, ujibu hapana. Kama swali hilo halipo, usijaze nambari ya simu ya ofisi unayofanyia kazi. Andika mahali pale kwamba ataulizwa baada ya notisi. Kisha mwandikie aliyekuajiri barua ya peke yake, maana lililo katika fomu huenda lisisomwe, bali barua hubaki kuwa ithibati. Maneno yake, kwa lugha yoyote mnayoandikiana, yawe na maana kama hii:

«Nimeipokea fomu ya uhakiki na nimeijaza kwa ukamilifu. Naridhia waajiri wangu wote wa zamani, vyuo nilivyosoma na wadhamini niliowataja waulizwe tangu leo. Mwajiri wangu wa sasa hajaarifiwa juu ya kuondoka kwangu, kwa sababu sitampa notisi mpaka uhakiki huu ukamilike. Kwa hiyo naomba asiulizwe mpaka nitakapokuarifu kwa maandishi kwamba nimekwisha kuitoa. Kwa sasa naambatisha nyaraka zinazothibitisha kwamba nimeajiriwa naye, na naomba unijibu kwamba ombi hili limefikishwa kwa wanaofanya uhakiki.»

Jambo la mwisho katika barua hiyo ndilo lenye nguvu. Usitulie mpaka ujibiwe.

Na nyaraka hizo ni zipi? Hapa ndugu msomaji ana utajiri ambao pengine hajautambua. Barua yako ya ajira yasema uliingia lini na kwa cheo gani. Hati za mshahara za miezi mitatu ya karibuni zaonyesha kwamba bado umo. Taarifa ya michango yako ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo mwanachama huipata mwenyewe bila ya kumwomba mtu wa ofisini, yaonyesha jina la kila mwajiri aliyekuchangia na miezi aliyochanga, nayo ni ushahidi mzuri kuliko kauli ya mkuu yeyote, kwa sababu haipendelei wala haichukii. Aliye Kenya ana fomu ya P9 pia, ambayo kila mwajiriwa hupewa kwa ajili ya kuwasilisha hesabu ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni, na kwa kuwa wote ofisini huiomba, kuiomba kwako hakumshtui mtu. Kama hupendi kiasi cha mshahara wako kijulikane, uliza kwanza kama yawezekana kukiziba, na ukikubaliwa useme wazi kwamba umekiziba. Hati iliyofutwafutwa bila ya maelezo huleta shaka mahali ambapo hapakuwa na shaka.

Wako wanaokwenda kwenye idara ya utumishi kuomba barua ya kuthibitisha ajira wakidai ni kwa ajili ya viza au mkopo wa benki. Siipendi njia hii. Barua yenyewe ni haki kuiomba, na yatosha kusema kwamba unaihitaji kwa shughuli zako binafsi, kwani hilo ni kweli na halimdhuru mtu. Lakini ukitaja viza, mwezi ujao utaulizwa habari za safari, nawe utalazimika kutunga safari, na siku ya kuaga, yule bibi wa utumishi aliyekuhangaikia atajua kwamba ulimtumia.

Wadhamini nao wanataka tadbiri. Wachague miongoni mwa waliokwisha kuondoka katika ofisi uliyomo, au wa ofisi ya kabla yake, au mteja mliyemaliza naye kazi kwa wema. Mkuu wako wa leo mwache. Kila mmoja mwendee mwenyewe kabla hujaandika jina lake, ana kwa ana ikiwezekana, umweleze kazi ni ipi, atauliza nani, na kwamba jambo bado ni amana kati yenu. Watu wetu, alhamdulillahi, wakiambiwa waziwazi kwamba jambo ni amana hulihifadhi. Wanaotoa siri aghalabu ni wale ambao hakuna aliyewaambia kwamba ni siri. Mdhamini aliyepigiwa simu ghafla na mtu wa London akaulizwa habari zako huku hana taarifa, atakachofanya kwanza akikata simu ni kumpigia rafiki yenu wa pamoja kumwuliza kulikoni.

Nimekuja sasa kwenye sehemu ambayo huchelewesha uhakiki wa watu wetu kuliko nyingine yoyote, nayo ni majina. Mtoto wa pwani huitwa nyumbani kwa jina lake, la baba na la babu, na pengine la ukoo. Shuleni mwalimu akaandika mawili. Kitambulisho kikatoka na matatu. Pasipoti ikatoka na herufi nyingine, Mohamed hapa na Muhammad kule, Fatma katika cheti cha kidato cha nne na Fatuma katika shahada. Na mwanamke aliyeolewa akaongeza jina la mumewe katikati ya safari ya kazi. Kwetu hayo si hitilafu, sote twajua ni mtu mmoja, lakini anayehakiki akiwa mbali huona watu wawili. Akikosa jina katika orodha ya chuo hurudisha jibu la kwamba shahada haikuthibitika, na jibu hilo likiingia katika ripoti, utatumia wiki kadhaa kulitoa. Zikusanye hati zako zote siku moja, uzipange mezani, usome kila jina herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, nenda kwa wakili ukaape, upate hati ya kiapo isemayo kwamba majina hayo yote ni yako, uiambatishe tangu mwanzo pamoja na maelezo mafupi. Na aliyebadili jina kabisa aambatishe hati ya kubadili jina au cheti cha ndoa. Haya yote wayafanya bila ya mkuu wako kujua, na ukiyafanya mapema huwi na haja ya kuomba ruhusa kazini mara tatu kwa wiki, jambo ambalo ndilo huwatia wenzako mashaka.

Vivyo hivyo tarehe. Wasifu hupenda miaka mizima, 2017 hadi 2019, ilhali michango ya NSSF yasema Septemba 2017 hadi Januari 2019, na kati yake na kazi iliyofuata pana miezi saba uliyokaa nyumbani ukimwuguza mzazi au ukitafuta riziki. Andika miezi. Kuuguza si aibu, na kukosa kazi si dhambi. Bali pengo lililozibwa kwa kurefusha kazi ya kabla yake ni uongo ulioandikwa kwa mkono wako, na ndio huvunja mikataba. Kama cheo ulichoandika ni kile walichokuita watu na si kile kilicho katika barua, rudisha cha barua. Kama uliachishwa kazi mahali, sema mwenyewe kabla ya kusemewa, kwa sentensi mbili tulivu, bila ya kumtukana aliyekuachisha. Kampuni uliyoifanyia kazi ikiwa imefungwa na hakuna wa kujibu, sema hivyo pia, na taarifa ya NSSF ikusemee.

Cheti cha tabia njema hakimfikii mwajiri wako kwa njia yoyote, basi kianze mapema. Aliye Kenya huomba kwa tovuti ya serikali ya eCitizen, akachapisha fomu ya C24, akaenda kuchukuliwa alama za vidole kwenye Idara ya Upelelezi wa Jinai barabara ya Kiambu au katika kituo cha Huduma kilicho karibu naye. Aliye Tanzania hukipata kwa Jeshi la Polisi. Habari za madeni ziangalie mwenyewe pia kabla hawajaziangalia wao, kwani mkopo mdogo wa simu uliosahauliwa unaweza kukuweka katika orodha mbaya, na mwananchi wa Kenya ana haki ya kuipata ripoti yake ya mikopo bila malipo angalau mara moja kwa mwaka. Deni la mkopo wa elimu ya juu wa HELB linalolipwa kwa utaratibu halina ubaya.

Kampuni za ushauri zina swali lao ambalo waajiri wengine hawaliulizi, nalo huwashangaza wengi. Zile zinazokagua hesabu za makampuni hulazimika kulinda uhuru wa ukaguzi wao, kwa hiyo zitakuuliza una hisa gani, mwenzi wako ana hisa gani, na nani katika jamaa zako ana cheo katika kampuni gani. Hisa za Safaricom alizonunua mkeo mwaka 2008, zilipouzwa kwa umma, mkazisahau, zinahesabiwa. Zitaje zote, huenda usiambiwe kitu, huenda ukaambiwa uziuze, lakini usizisahau kwa makusudi. Na kama mwajiri wako wa sasa ni mteja wa kampuni unayoiendea, mwarifu aliyekuajiri mapema kabisa, kwani hapo wao pia wana jambo la kulinda, na inawapasa waangalie miongoni mwao nani ajue na nani asijue. Bila ya onyo hilo, mwenzao asiye na habari aweza kukutaja kwa furaha katikati ya mkutano na mkuu wako.

Katika mambo haya yote usitumie kompyuta ya ofisi, wala barua pepe ya ofisi, wala intaneti ya ofisi, wala mashine ya ofisi kuchapishia hati zako. Ukurasa wako wa LinkedIn uache kama ulivyo; usiongeze marafiki kumi wa kampuni mpya kwa usiku mmoja. Nyumbani mwambie mwenzi wako, na mzazi ukipenda dua yake, kisha basi.

Kuna amana nyingine ambayo wengi huivunja bila ya kukusudia. Aliyekuajiri akikuomba mfano wa kazi zako, usimpe ripoti uliyomwandikia mteja wa mwajiri wa sasa, hata ukiwa umeiandika peke yako usiku kucha, kwa kuwa si yako. Eleza kwa maneno namna ulivyolifikiri tatizo, bila ya kumtaja mwenyewe. Wala usijitumie mafaili ya ofisi kwa ajili ya kumbukumbu; mwajiri mpya mwenye busara akijua umewaibia wa kwanza, atahesabu kwamba yeye ni wa pili. Usome tena na mkataba wako wa sasa uone kama una kifungu cha kukuzuia kuwafuata wateja au kuwachukua wenzako. Kama kipo, uliza maana yake kwa wakili, na umweleze mwajiri mpya kabla hujaanza.

Ikiwa pamoja na hadhari zote hizo habari imemfikia mkuu wako, naye amekuita, akafunga mlango, akakuuliza, usikane. Mwambie, «Ni kweli, mzee, nimepewa nafasi na bado haijathibitika, nilitaka kuja kwako mwenyewe mara itakapothibitika, na kazi zako zote ziko mahali pake.» Atakasirika siku mbili. Lakini aliyekanushiwa leo akaja kuthibitisha kesho, ghadhabu yake haina mwisho, na ndiye atakayeulizwa habari zako kwa miaka kumi ijayo.

Na ikiwa ripoti imetoka ikiwa na kosa, usilie wala usigombane, uiombe uisome. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 yakupa haki ya kuarifiwa taarifa zako zatumiwaje, ya kuziona, na ya kutaka zilizo za uongo zisahihishwe, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Andika ukitaja kosa ni lipi, ambatisha hati inayolikanusha, omba irekebishwe kwa maandishi. Kwa kawaida kosa huwa ni la jina au la tarehe, na aliyeziweka hati zake tayari hulimaliza kwa siku chache.

Ikifika ile barua ya kwamba uhakiki umekwisha, iwe na tarehe na sahihi, ndipo umwendee mkuu wako kwanza yeye kabla ya mwingine yeyote, umkabidhi notisi mkononi, umshukuru kwa lile ulilojifunza kwake, na siku hiyohiyo utimize ahadi yako ya kumwarifu mwajiri mpya kwa maandishi, ukimpa na jina la mtu wa kumwuliza. Kisha fanya kazi ya siku zako zilizobaki kwa ukamilifu, na kabla hujarudisha funguo na kitambulisho cha mlangoni, dai cheti cha utumishi, chenye jina la mwajiri, jina lako, tarehe uliyoanza, kazi uliyofanya na tarehe uliyoacha. Haki hiyo kwa Kenya imo katika kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira, na kwa Tanzania katika kifungu cha 44 cha sheria yake. Mwajiri hana hiari ya kukunyima kwa kuwa umeondoka, na mwenye cheti hicho mkononi, akihakikiwa mara nyingine, hahitaji mtu kumpigia simu mkuu aliyemwacha.